Diwani alipobaki na miguu mitatu, na mama aliyekuwa anafuata kengele yake

Wakuu, nawasalimu. Wakubwa shikamooni, wadogo mambo vipi.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu, leo naleta la kwangu. Majina nimebadilisha, ila mengine yote ni kama yalivyotokea, chumvi sijaongeza. Kama kwako mbwa ni mnyama wa kurushiwa jiwe tu, vumilia kidogo, humu ndani kuna mama yangu pia.

Mimi nina duka la spea za pikipiki Rubwera, huku Kyerwa. Kwetu hasa ni Nyabiyonza, upande wa Karagwe. Ukiwa na pikipiki nzima siyo safari ya kulalamikia, labda mvua iwe imenyesha.

Baba alifariki miaka michache iliyopita. Tulimzika kibanjani kama ilivyo kawaida yetu, katikati ya migomba aliyoipanda mwenyewe.

Kwa wasiojua, kibanja ni lile shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba. Kwetu nyumba, chakula na makaburi vyote viko hapo hapo.

Mama akabaki. Shida ya mama ni macho. Ana ile presha ya macho, na tulichelewa kuijua. Hospitali walituambia wazi kwamba kilichopotea hakirudi. Anaona mwanga wa mlango na vivuli vya watu, basi.

Sasa nije kwa mbwa.

Jina la Diwani alimpa baba, kwa sababu hakuna kikao, harusi wala msiba uliompita, na kila alikokwenda alirudi ameshiba. Siku moja diwani mwenyewe, yaani mtu, alipita nyumbani akauliza mbwa anaitwa nani. Baba akajibu bila kupepesa, "Simba, mheshimiwa." Mama alikimbilia jikoni kucheka.

Alikuwa chotara wa wale mbwa wakubwa wa ulinzi. Kifua kipana, kichwa kizito, akisimama mlangoni sebule inaingia giza. Watu wa bodaboda walikuwa wanateremsha abiria mbali na nyumba yetu.

Shingoni alikuwa na kengele ya chuma. Wawindaji wa kwetu huwafunga mbwa kengele ili wajue walipo vichakani. Wakiwa njiani huijaza majani makavu isilie, wakifika wanayatoa. Baba na wenzake walikuwa wanatoka hivyo kufukuza nguruwe pori wanaomaliza mihogo na mahindi ya watu.

Baba alipofariki nilitaka kuivua ile kengele. Mama akakataa, akasema anataka kusikia kuna mtu anatembea nyumbani.

Ikaanza hivyo hivyo, hakuna aliyemfundisha. Mama akitoka, Diwani anatangulia. Mama anafuata mlio. Akibaki nyuma, mbwa anasimama, anatingisha kichwa, mama anajua ni wapi. Walikuwa wanakwenda kisimani, kwenye sala za jumuiya, na kila asubuhi lazima wapite kaburini kwa baba. Mama anasalimia, anapapasa msalaba, anaondoa majani yaliyoanguka, wanarudi.

Sisi watoto tulikuwa na stress. Dada yetu mkubwa Koku yuko Mwanza, ndiye aliyelianzisha kwenye group la familia. Mama asiyeona hawezi kukaa peke yake kwenye migomba, kuna nyoka, kuna mashimo, kuna moto wa jikoni. Tukakubaliana ahamie kwangu Rubwera.

Nikatumwa nikamwambie.

Alinisikiliza hadi mwisho, halafu akasema hivi, na maneno haya yashikeni maana uzi wote umesimama hapo:

"Mwanangu, siku Diwani akishindwa kunifikisha kwa baba yenu, njooni mnichukue. Sitabishana. Kabla ya hapo mniache nyumbani kwangu."

Nikarudi na jibu hilo. Koku alikasirika lakini akanyamaza.

Haikupita muda, kukatokea lile jambo.

Jirani yetu anaitwa Nikodemu. Wazazi wake walitoka Burundi zamani, yeye amezaliwa hapa hapa. Baba alimpa kipande cha kulima kando ya kibanja chetu na hakuna aliyewahi kumnyang'anya. Msimu ule nguruwe pori walikuwa wanamaliza mahindi yake kabla hajayaonja. Akatega waya kwenye mpaka wa shamba lake.

Diwani akanasa mguu wa nyuma.

Asubuhi Nikodemu alitokea kwenye migomba amembeba begani, damu imemshuka mpaka magotini. Mama alikuwa barazani. Aliona kivuli tu. Alichouliza ni, "Mbona kengele inakuja juu juu?"

Nikodemu akapiga magoti. "Mama Koku, ni mimi. Waya ni wangu."

Wakuu, huyu mtu angeweza kunyamaza. Waya hauna jina, na yeye anaishi pale kwa hisani, anajua watu wakichukia wanaanza kumkumbusha wazazi wake walikotoka. Alisema mwenyewe. Mimi nilipofika nikiwa na hasira za kumpasua mtu, nilimkuta amekaa chini kashika kichwa cha mbwa, hasira ikakosa pa kutokea.

Tukampeleka kwa daktari wa mifugo anayekaa Ndama. Tulimlaza kwenye bajaji ya mizigo, mimi nikakaa naye nyuma.

Daktari aliukagua mguu. Waya ulikuwa umeingia hadi mfupa na chini yake nyama imeshakufa. Alisema mguu lazima uondoke wote, tena juu kabisa karibu na nyonga. Akasema pia, bila kutuficha, kwamba huku kwetu kazi yake kubwa ni ng'ombe, na mbwa mwenye uzito huu kuishi kwa miguu mitatu ni kazi. Kama tunataka, kuna sindano, hatasikia maumivu.

Nikampigia mama nikamweleza. Simu ilikuwa kwenye spika, daktari anasikia.

Mama akasema, "Mimi macho yamekwenda yote mawili. Mbona mimi hamjanichoma sindano?"

Daktari akaenda kunawa mikono.

Operesheni ilikwenda vizuri. Hilo namshukuru Mungu na yule daktari.

Tulipoharibu ni nyumbani.

Kwetu mgonjwa halazimishwi kitu. Analazwa pazuri, anapikiwa, watu wanakuja kumpa pole na chochote mkononi. Sasa mama akamuuguza Diwani kama mtu. Alimtandikia jamvi sebuleni. Asubuhi ndizi na maharage, mchana ndizi na supu, jioni chochote kilichobaki. Majirani wakaja kweli. Wengine walikuja kucheka, lakini wakaja na mifupa. Kina mama wa jumuiya wakaleta dagaa.

Na mimi nilifurahi! Nilikuwa naona mbwa anakula nasema anapona.

Alijaribu kusimama siku za mwanzo. Sakafu yetu ni saruji iliyosuguliwa, ule mguu mmoja wa nyuma ukawa unateleza, anaanguka na mzigo wake wote. Kila akianguka mama anambembeleza, "Lala waitu, lala, nani amekutuma." Mwishowe akaacha kujaribu.

Akanenepa vibaya sana. Akatoka vidonda vya kulala kwenye viwiko.

Kilichonitisha zaidi ni mama. Na yeye alikuwa hatoki. Anakaa pale sebuleni karibu na mbwa, mkono uko mgongoni kwake, kutwa nzima. Kaburi la baba lilijaa majani. Niliporudi Rubwera nilimkuta mke wangu ameshaanika godoro la chumba cha mama. Hakuwa na ubaya, alikuwa anajiandaa kwa yale tuliyokubaliana. Lakini lile godoro juani liliniumiza.

Nikamwomba daktari aje. Alimtazama Diwani, akamtazama mama, akasema, "Shikamoo mama. Huyu mnamnenepesha wa Krismasi?"

Kisha akakaa chini akatueleza taratibu. Mbwa mkubwa akipoteza mguu, miguu iliyobaki inabeba zamu yake. Ukimwongezea uzito unaivunja. Ukimlaza, misuli inakwisha, na ikishakwisha hasimami tena. Apunguziwe chakula. Atembee kidogo, apumzike, atembee tena, kila siku. Asikimbie, asiruke. Na mtoeni kwenye hii sakafu, alisema, hapa hata mimi nateleza.

Mama alilia kidogo. Alisema alikuwa anamhurumia tu. Daktari akamwambia anajua.

Kuanzia hapo tukaingia kazini.

Mimi nikatengeneza mkanda wa kumshikilia tumboni kwa mpira wa ndani wa tairi la pikipiki. Wazo bovu. Mpira ulimng'oa manyoya, akanionyesha meno kwa mara ya kwanza tangu awe mtoto. Tukarudia kwa gunia la kahawa, ndani tukashonea kitenge cha zamani cha mama. Hicho akakikubali, nadhani kwa sababu ya harufu yake.

Ukimshika na ule mkanda unambebea nusu ya uzito wa nyuma, yeye anatupa mguu wake mmoja. Sebuleni tukatandaza majamvi ya kuanikia kahawa mpaka mlangoni, asiteleze.

Mimi nilikuwa naweza kwenda wikiendi tu. Siku nyingine zote alikuwa Nikodemu. Hakuna aliyemwambia. Alikuwa anakuja kabla ya kwenda shambani, anapiga hodi, anamsalimia mama, anachukua mkanda. Jioni anarudi tena.

Yeye ndiye aliyeona kwamba shida nyingine ni njia. Kwetu ni mteremko, na udongo ukinyeshewa ni sabuni. Akapanda kilimani akakata nyasi, zile nyasi tunazotandaza chini ya migomba kuhifadhi unyevu, akazimwaga kwenye njia kutoka mlangoni mpaka kaburini. Na hakuipeleka moja kwa moja, aliizungusha kwenye migomba ili mteremko usiwe mkali.

Majirani wakasema maneno. Nyasi zenyewe siku hizi za kutafuta, halafu zinatandikiwa mbwa! Mzee mmoja alimuuliza mama kama Diwani naye atazaa mkungu. Mama akamjibu, "Wewe umekula mingapi na hujazaa hata mmoja." Nikajua mama amerudi.

Mama naye akabuni lake. Dagaa wale wale wa kumnenepesha akawa anawachukua wachache, anawaficha chini ya nyasi njiani, leo hapa, kesho mbele kidogo. Diwani ananusa, anasogea, anapata, anatamani mwingine. Alikuwa anatembea bila kujua amefanyishwa mazoezi.

Kazi kubwa ilikuwa kengele.

Mama alikuwa amezoea mlio wa miguu minne. Sasa ulikuwa mwingine, unagonga mara mbili haraka, kimya, halafu mmoja mzito pale anaporuka. Mara ya kwanza mama alisimama akakataa kwenda. Alidhani mbwa anakimbia. Ikabidi ajifunze upya, na kila akikosea alimwomba Diwani msamaha kwa Kinyambo, lugha yetu.

"Mpora, mpora," anamwambia. Taratibu. Sijui alikuwa anamwambia mbwa au anajiambia mwenyewe.

Asubuhi waliyofika kaburini nilikuwepo. Nikodemu ameshika mkanda lakini ameulegeza, mbwa anajibeba. Mama nyuma, mkono mbele. Walipofika Diwani akakaa chini kama gunia, ulimi nje. Mama akapapasa msalaba.

"Tumefika, Ba Koku," akasema. "Usiulize tulikuwa wapi."

Mimi ni mtu mzima mwenye ndevu, lakini niligeukia mgomba nikalia. Nikodemu naye alikuwa ameinama, anajifanya anafunga kamba.

Tulipata kipindi kizuri baada ya hapo, sitaki mdhani ilikuwa huzuni tupu. Alipungua, akang'aa, akaacha kuhitaji mkanda. Msimu wa kahawa mama alikuwa anachuma kwa kupapasa, Diwani amelala chini ya mti, kila mama akihama mti naye anahama. Alianza tena kwenda kwenye vikao. Alikuwa anachelewa kufika lakini chakula alikuwa anakikuta. Koku kwenye group akawa haulizi tena habari ya kuhama.

Halafu mvua kubwa zikaja.

Mama ndiye aliyejua kabla yetu wote. Nilipiga simu kusalimia akaniambia, "Kengele inagusa chini."

Sikuelewa. Nilipokwenda ndipo nikaona. Alikuwa anatembea kichwa kimeinama sana, anauvuta mwili kwa miguu ya mbele ili kuupunguzia mzigo ule wa nyuma, kengele inaburuzika kwenye nyasi.

Daktari alikuja. Alisema nyonga iliyobaki imechoka, na umri nao umefika. Akatupa dawa za maumivu. Akasema aendelee kutembea kadiri anavyotaka mwenyewe, asilazimishwe.

Tatizo ni kwamba alikuwa anataka. Mama akisimama tu na yeye anasimama. Mama akaanza kujifanya hataki kutoka. Anakaa barazani anasema leo miguu inamuuma. Diwani anakwenda mpaka mwanzo wa njia ya nyasi, anasimama, anatingisha kichwa, anamwita.

Mama aliniambia hicho ndicho kilichokuwa kigumu kuliko vyote, kuisikia ile kengele inamwita na yeye hajibu.

Diwani alikufa asubuhi, chini ya upenu wa jikoni, mvua ikiwa imekatika. Mama alikuwa anamkuna nyuma ya sikio. Alinipigia simu akasema, "Njoo, mwanangu." Nikafunga duka, nikawasha pikipiki.

Sasa wakuu, kuna desturi moja. Kwetu mtu akifa kijijini hakuna anayekwenda kulima mpaka azikwe. Hata kama mvua ndiyo imeanza na mbegu ziko tayari, jembe linalala. Mbwa hahusiki na hiyo desturi. Mbwa akifa anavutwa mpaka kichakani, basi.

Ule ulikuwa wakati wa kupanda maharage. Njia nzima kutoka Rubwera niliona watu wako mashambani. Nilipofika nyumbani nikamkuta Nikodemu amekaa barazani amevaa koti lake la kanisani. Mkewe yuko jikoni na mama. Shamba lao halina mtu.

Nikamuuliza, "Leo hamlimi?"

Akasema, "Kaka Deo, leo kwetu hatujashika jembe."

Mama alisikia akiwa jikoni. Tangu asubuhi alikuwa hajalia. Pale alilia, mkewe Nikodemu akamkumbatia, na sisi wanaume tukaenda kuchimba.

Tulimzika mwisho wa ile njia ya nyasi, hatua chache chini ya kaburi la baba. Kengele tulimvua, nikampa mama mkononi.

Nilikuwa nimepanga nisiseme lolote kuhusu kuhama. Nilisema nitaacha wiki ziende. Mama mwenyewe akasema jioni ile ile, "Nilitoa neno. Kesho tafuta gari." Alifunga nguo zake kwenye kanga. Hakubishana, kama alivyoahidi. Laiti angebishana.

Sasa tunaishi naye hapa Rubwera. Mke wangu anamtunza vizuri kuliko mimi, watoto wanamsomea Biblia. Ila mama anakaa. Ua wetu ni mdogo, una ukuta, hakuna pa kwenda. Anauliza jua liko upande gani, akishajua anageuza kiti. Amekonda.

Nikipata nafasi ya Jumapili nampeleka Nyabiyonza. Mara ya kwanza nilimshika mkono kumpeleka kaburini, akauondoa taratibu.

Nikodemu alikuwa amesimama pembeni. Nyasi za njia alikuwa amezibadilisha, mbichi kabisa. Akamwomba mama ile kengele. Akatangulia mbele ameishika mkononi, anaitikisa anapotembea.

Mama hakusogea.

"Si hivyo," akasema. "Alikuwa anachechemea."

Nikodemu akarudi mpaka alipo mama. Halafu akaanza tena. Mara mbili haraka, kimya, halafu mmoja mzito.

Mama akamfuata mpaka kwa baba.

Ndiyo hivyo wakuu. Nilichojifunza kwa wenye mbwa wakubwa: akikatwa mguu msimlaze na msimlishe kwa huruma. Mtoeni kwenye sakafu ya kuteleza, mtengenezeeni njia, mwacheni atembee. Na mnaotega waya, tafadhali, huko vichakani hapiti nguruwe peke yake.

Ila sikuja kwa ajili ya hilo tu. Nikodemu ameniambia mama akirudi, yeye atakuwa anatangulia kila asubuhi kabla ya shamba. Koku anasema haiwezekani, mtu baki hawezi kubebeshwa mama yetu. Mke wangu anasema nimuulize mama mwenyewe. Ninaogopa kumuuliza, kwa sababu jibu nalijua. Nyie mngefanyaje? Hasa wenye wazazi wasioona, naombeni mawazo, matusi pelekeni kwingine.

Leo ni Jumapili na tunajiandaa kwenda. Mama yuko tayari tangu alfajiri, amekaa mlangoni na kengele mapajani. Ameijaza majani makavu, isilie mpaka tufike.